Samaki malaika wanataga, ila mayai yanageuka meupe na vifaranga hawamalizi wiki. Naomba ushauri

Mkondo
Wakuu habari zenu. Nina samaki malaika (Pterophyllum scalare) wawili waliochaguana wenyewe, sasa wako peke yao kwenye tangi la lita 100. Joto ni 26, pH 7.8, filta ni ile ya kuning'inia mgongoni mwa tangi, chini kuna changarawe na mimea michache.

Wanataga kwenye bomba la filta kila baada ya siku kumi hivi. Kufikia siku ya pili mayai mengi yanakuwa meupe, na yanayosalia yanaliwa usiku. Nikiyahamishia kwenye ndoo yenye jiwe la hewa, machache yanaanguliwa na vifaranga wanafika hatua ya kuogelea, kisha wanakufa kwa makundi. Nawalisha kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwa. Tatizo ni maji, wazazi au chakula? Na nianzie wapi kurekebisha?

FundiTangi
Mkuu, hayo ni matatizo mawili tofauti, usiyachanganye. Mayai kuwa meupe ni suala moja, vifaranga kufa baada ya kuogelea ni lingine kabisa.

Tuanze na mayai. Yai lililorutubishwa linabaki angavu, rangi ya kahawia hafifu kama asali, na baada ya saa 24 hadi 36 ukimulika tochi kwa nyuma unaona doa jeusi ndani. Yai ambalo halikurutubishwa linageuka jeupe kama maziwa, kisha linaota manyoya ya ukungu. Kwa hiyo hesabu kwanza. Yakiwa meupe YOTE kila wanapotaga, shuku kwamba una majike wawili. Majike wa malaika hujitenga, husafisha mahali na kutaga pamoja kama jozi halali kabisa. Siku moja au mbili kabla ya kutaga, angalia mrija mdogo unaochomoza tumboni karibu na pezi la chini: wa jike ni mnene na butu, wa dume ni mwembamba na umechongoka. Umbo la kichwa lisikudanganye.

Kwako machache yanaanguliwa, maana yake dume yupo. Hapo mimi ningelitazama hilo bomba la filta. Dume hupita juu ya mistari ya mayai akimwaga mbegu karibu kabisa nayo, na pale kwenye bomba maji yanavutwa muda wote, mbegu zinaondoka kabla ya kufika kwenye yai. Simamisha kipande cha bomba la plastiki au kigae cheusi upande wa pili wa tangi, kiinamie ukuta kidogo, mbali na mkondo. Bomba la filta lifunike kwa wavu laini ili lisiwavutie. Wakianza kutaga, punguza nguvu ya filta kwa saa mbili tatu.

Pandisha joto hadi 28, nusu digrii kwa siku. Na pima ugumu wa maji, usiishie kwenye pH. Malaika waliozaliwa kwenye matangi wanaishi vizuri tu kwenye pH 7.8, lakini maji yenye chokaa nyingi hupunguza idadi ya mayai yanayorutubishwa. Ukikuta ni magumu sana, changanya na maji ya mvua yaliyokingwa pasafi, kidogo kidogo kila unapobadilisha maji. Usiushushe ugumu wa kaboneti (ile sehemu ya ugumu inayoizuia pH isiyumbe) chini ya digrii 3, pH inaweza kuporomoka kwa usiku mmoja.

Bwawani
Kuhusu kuliwa usiku: taa ikizimwa ghafla wazazi wanapoteza mayai machoni, na asubuhi hukuti kitu. Acha taa ndogo hafifu iwake chumbani usiku kucha, tangu siku ya kutaga mpaka vifaranga watakapokuwa wanaogelea. Funika pia kwa karatasi upande wa tangi ambako watu wanapita. Jozi changa hula mayai yao mara kadhaa za mwanzo, hilo halina dawa zaidi ya subira.

Matone
Ukitaka kuyatoa mayai, ndoo iache, huoni kinachoendelea ndani na joto lake linapanda na kushuka. Chukua tangi tupu la lita 20 lisilo na changarawe na ufanye hivi.

Lijaze maji ya tangi la wazazi, siyo maji mapya. Weka hita na uhakikishe joto linalingana kabisa. Saa chache baada ya kutaga kwisha, toa kigae na mayai yake. Sekunde chache hewani hazina madhara, ila kukihamisha ndani ya bakuli la maji ni salama zaidi. Kiinamishe, upande wenye mayai ukitazama chini kidogo ili uchafu usitue juu yake. Jiwe la hewa likae sentimita 5 kutoka kwenye mayai. Viputo vyenyewe visiyaguse, unachotaka ni mkondo wa maji tu. Mayai yakitikisika, hewa ni kali mno.

Dawa ya ukungu ni methilini bluu. Ikiwa chupa ni ya asilimia 1, weka mililita 0.2 kwa kila lita, yaani mililita 4 kwa lita 20. Dawa hiyo inaua bakteria wa filta na inatia rangi silikoni ya kioo, ndiyo maana filta haiingii bado. Mayai meupe yatoe kwa bomba dogo la sindano kabla manyoya ya ukungu hayajayafikia ya jirani.

Kwenye joto la 28 yataanguliwa ndani ya saa 48 hadi 60 hivi. Utaona mikia inatikisika huku vichwa vimenata kwenye kigae. Kuanzia hapo badilisha nusu ya maji kila siku mpaka bluu iishe, ndipo uweke filta ya sponji. Sponji hiyo iwe imekaa kwenye tangi la wazazi walau wiki nne ikiota bakteria. Sponji mpya kutoka dukani haichuji amonia hata kidogo, na wengi wanapoteza kizazi kizima hapo.

Usilishe bado! Wanatumia kiini walichonacho tumboni kwa siku tano hivi. Chakula chochote utakachoweka kabla hawajaanza kuogelea kinaoza tu.

Konokono
Sasa kiini cha yai. Mkuu Mkondo, huyo ndiye muuaji wako, sina shaka naye. Kinayeyuka majini, kinaoza ndani ya saa chache, na kifaranga wa malaika hakifuati hata kikiwa mbele yake, kwa sababu anawinda kitu kinachotembea. Kwa hiyo anakufa njaa ndani ya maji yaliyojaa chakula kilichooza.

Anzisha artemia, wale uduvi wadogo wa maji ya chumvi. Chupa ya plastiki ya lita moja ikate kitako, igeuze kichwa chini, upitishe mpira wa hewa hadi kwenye shingo ya chupa. Ndani: lita 1 ya maji, gramu 25 za chumvi, ncha ya kijiko ya soda ya kuokea ili pH ivuke 8, na gramu 1 hadi 2 za mayai ya artemia. Joto 27, hewa ya nguvu ili mayai yasitulie, na taa karibu. Baada ya saa 24 wengi wameanguliwa.

Kuvuna kunahitaji mkono mtulivu. Zima hewa, subiri dakika 10, mulika taa chini. Maganda ya kahawia yanaelea juu, artemia wa rangi ya chungwa wanakusanyika chini kwenye mwanga. Wavute kwa mpira mwembamba, wapitishe kwenye kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za karibu, wasuuze kwa maji yasiyo na chumvi kisha walishe. Maganda usiyachukue, yanaweza kuziba utumbo wa kifaranga. Walishe mapema baada ya kuanguliwa, maana kila saa inayopita wanapoteza mafuta yao na lishe inapungua. Ndiyo sababu unatumia chupa mbili, moja ikianzishwa saa 12 baada ya nyingine.

Kipimo cha shibe ni tumbo. Robo saa baada ya kulisha chukua kioo cha kukuzia: kifaranga aliyekula ana tumbo la mviringo la rangi ya chungwa. Matumbo yakibaki meupe, artemia hawakutosha au vifaranga wenyewe ni dhaifu.

Mkondo
Asanteni sana wakuu. Nimepima: ndoo ina amonia miligramu 1 kwa lita, tangi la wazazi 0. Ugumu wa kaboneti ni digrii 11. Je, kuwalisha mara mbili kwa siku kunatosha ili maji yasichafuke?

Matone
Mara mbili ni njaa. Lisha mara nne, kiasi kidogo kila mara. Artemia hawaishi muda mrefu kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo saa mbili tatu baada ya kulisha vuta waliokufa kutoka chini kwa mpira wa hewa. Funga kipande cha sponji mdomoni mwake ili usivute vifaranga.

Hiyo amonia 1 kwenye pH 7.8 ni hatari kubwa. Sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara kumi kila pH inapopanda kwa 1, na joto likipanda inaongezeka tena. Kwa hiyo badilisha theluthi hadi nusu ya maji kila siku. Maji mapya yawe na joto lile lile, yamewekwa dawa ya kuondoa klorini, na yaingie tone kwa tone kupitia mpira uliokazwa kwa kibanio. Kuyaacha maji wazi usiku mmoja kunaondoa klorini lakini hakuondoi kloramini (klorini iliyoungana na amonia).

Bwawani
Mimi sikubaliani na kukimbilia kuyatoa mayai kila mara. Tangi lako lina jozi peke yake, hakuna jirani wa kuwatisha. Wazazi wazuri hutoa mayai mabovu wenyewe, hupepea kwa mapezi, na huwahamisha watoto kwa mdomo kutoka kigae hadi jani safi. Ukiona dume anawatia mdomoni, ngoja kwanza, mara nyingi anawasafisha na atawatema. Wape nafasi mara mbili tatu kwenye kigae kipya chenye taa ya usiku. Wakishindwa, basi tumia njia ya Matone.

FundiTangi
Naafiki kwa jozi hii, ila artemia awe tayari vyovyote vile, kwani wazazi hawawezi kuwalisha watoto. Weka chupa ya kwanza siku ya tatu baada ya mayai kuanguliwa, uhakikishe mayai ya artemia uliyonunua yanaangua kweli. Kopo lililokaa wazi kwenye unyevu huangua robo tu.

Mkondo
Nimeelewa. Na artemia wanaendelea mpaka lini?

Konokono
Wiki nne, ukiweza zaidi. Kuanzia wiki ya pili ya kuogelea tanguliza unga laini wa chakula kikavu wakiwa na njaa, kisha artemia nyuma yake, wataujua taratibu. Wakifika wiki tatu wahamishie tangi kubwa pamoja na sponji yao ile ile. Wakibanana, wanadumaa na mapezi marefu yanapinda, na pezi lililopinda mara nyingi halinyooki tena. Lita 4 kwa kila mmoja anapofikia upana wa sarafu, na waliokuwa na kasoro wasiingizwe kwenye uzazi.