Wasimamizi wa mafunzo ya madaktari Kanda ya Ziwa, tuunde chama chetu?

Nyamanoro:
Wakuu, habari za jioni. Juzi baada ya kikao cha watarajali, yaani madaktari wapya walio katika mwaka wa mazoezi baada ya shahada, tulibaki watu saba, sote tunasimamia mafunzo katika hospitali za huku kwetu, tukaulizana mbona hatuna chama. Mimi huu ni mwaka wa nne. Sikufundishwa kazi hii, niliandikiwa barua tu. Napanga zamu, napokea malalamiko, na mwaka wa utarajali ukiisha natia saini kwamba kijana huyu aachiwe mgonjwa peke yake. Nikikosea, anayeumia ni mama wa Sengerema. Marekani wanaosimamia mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya ndani walijiundia chama mwaka 1977. Sisi mpaka leo kila mtu anabuni fomu yake ya tathmini. Zamani AMO (daktari msaidizi, asiye na shahada ya udaktari) wa zamu alikuonyesha kushona ikatosha, sasa mambo yanataka wenye shahada zao wakae wapange. Mnaonaje?

Kirumba Mwaloni:
Napinga. MAT, Chama cha Madaktari Tanzania, ipo tangu 1967 kama sikosei, na humo madaktari wote wamo. Chama kipya maana yake mchango mpya, mwenyekiti mpya, fulana mpya. Mshahara ni uleule.

Dada wa Igoma:
Ni 1965. Na MAT inabeba mambo ya madaktari wote nchini, haiwezi kukaa kuamua mtarajali azalishe akina mama wangapi ndipo aitwe amefuzu. Hilo ni la wanaofundisha.

Mzee wa Nansio:
Nimesoma hadi hapo penye AMO, nikaishia hapo. Mimi ni AMO mstaafu. Nimempasua mama usiku kumtoa mtoto, vivuko vimelala, Mwanza iko ng'ambo ya maji, simu hazikuwepo. Walioletwa kwangu na shahada zao walikuja mikono inatetemeka. Niliwashika mikono hiyo, mmoja mmoja. Leo wengine ni mabingwa. Hiyo "ikatosha" maana yake nini?

Nyamanoro:
Shikamoo mzee. Sikukusudia kukudharau.

Mzee wa Nansio:
Marahaba. Ulichokusudia sijakuuliza. Nimeuliza neno.

Kirumba Mwaloni:
Mzee heshima yako, ila tusifichane. Shangazi yangu alipasuliwa na AMO, kidonda kikatunga usaha, akalala wodini miezi miwili. Hayo nayo tuyaseme.

Mzee wa Nansio:
Pole kwa shangazi. Sasa nenda wodi yoyote uhesabu vidonda vilivyotunga usaha mikononi mwa wenye shahada, urudi hapa. Umemleta mgonjwa mmoja kuhukumu kada nzima.

Dada wa Igoma:
Mzee ana ushahidi kuliko anavyojua. Kuna utafiti ulitoka 2009, ulifanyika katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ukalinganisha upasuaji wa dharura wa uzazi uliofanywa na AMO na uliofanywa na madaktari. Matokeo hayakuwa na tofauti ya maana. Na kazi nyingi ilikuwa mikononi mwa AMO.

Kirumba Mwaloni:
Utafiti haukumuuguza shangazi yangu. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka uji kila asubuhi.

Mtarajali:
Samahani wakubwa zangu. Mnabishana nani alimfundisha nani zamani. Mimi nauliza nani ananifundisha sasa hivi. Nina wiki ya tano wodini, bingwa amepita raundi mara mbili. Logibuku yangu, daftari la kuthibitisha kazi nilizofanya, ilisainiwa kurasa kumi na moja kwa mkupuo, aliyesaini hajawahi kuniona nimeshika sindano. Aliyenionyesha kugeuza mtoto aliyekwama mabega ni mkunga wa zamu ya usiku, akiwa na wajawazito wengine sita wanamwita.

Kirumba Mwaloni:
Na nyie mnashinda kwenye simu.

Mtarajali:
Kaka, simu ndiyo natafutia dozi, maana wa kumuuliza hayupo. Usiku wa Jumapili nilikuwa peke yangu na watoto wawili wenye degedege.

Dada wa Igoma:
Nyamanoro, umeona? Chama unachokitaka kingewaweka ninyi saba mnaosaini. Mkunga huyu hasaini popote, wala mzee wa Nansio hakusaini. Mkitunga fomu bila wao mtaandika yanayotakiwa kufanyika, siyo yanayofanyika. Kwa hiyo swali langu siyo tena kama tuunde chama. Nani anaingia?

Nyamanoro:
Limenigusa hilo la kurasa kumi na moja. Sijawahi kusaini kumi na moja, lakini nimewahi kusaini nne nikiwa na haraka, kwa maneno ya kijana mwenyewe, na yule kijana leo yuko kituo cha afya peke yake. Wakunga nawakubali kwa moyo wote. Kuhusu kada nyingine, naogopa wenzangu watasema Baraza la Madaktari halitatusikiliza.

Mzee wa Nansio:
Basi wenzako waseme mbele yangu. Mkikaa tena niambie siku, nitavuka na kivuko cha asubuhi. Ninalo daftari la miaka kumi na tisa, kila daktari kijana aliyepita kwangu, alichojua alipofika na alichojua alipoondoka. Fomu yenu anzieni humo. Ila kwanza rudi juu ukarekebishe ule mstari.