Naomba ushauri kuhusu mgao wa nafasi ya mafaili kwenye Moodle

Ndugu wanachama, habari za kazi. Ninasimamia Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, katika chuo kimoja hapa Dodoma, na diski ya seva yetu inakaribia kujaa. Mgao wa mafaili binafsi (nafasi anayopewa mtumiaji kuhifadhi mafaili yake mwenyewe) tumeuacha kwenye MB 100 kwa kila mtumiaji, kama programu inavyokuja, na wanafunzi hawana shida nao. Wanaoelemea diski ni wahadhiri wanaopakia video za vipindi vizima (mgao huo haugusi mafaili ya ndani ya kozi), pamoja na nakala rudufu za kozi za zamani ambazo hakuna anayezifungua.

Kufuta ovyo nako hakusaidii, kwa kuwa faili lililowekwa kwenye kozi kadhaa huhifadhiwa mara moja tu, na nafasi hairudi hadi lifutwe kote.

Je, wenzangu mmeweka kikomo cha ukubwa wa faili kwa kila kozi, au mmehamishia video kwenye seva nyingine na kubakiza viungo? Ruhusa ya kuzidi mgao mnampa mhadhiri, au inabaki kwa msimamizi? Mkuu wangu anataka tununue diski kubwa zaidi, jambo ambalo, kwa maoni yangu, litaahirisha tatizo tu.