Naomba ushauri: risasi ya 5.56 au .308 kwa kijana wangu aliye Texas?

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni askari mstaafu, nakaa Lanet hapa Nakuru. Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo msinitafutie makosa. Swali ni la kifungua mimba wangu anayeishi Texas. Anataka kununua bunduki inayojijaza yenyewe, na huko sheria inamruhusu. Kazi yake ni kulenga shabaha wikendi na kuwinda nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba.

Ameniuliza, "Mzee, nichukue ipi?" yaani ya risasi ya 5.56 (upana kwa milimita) au .308 (upana kwa inchi). Mimi nilizoea bunduki ya jeshi iitwayo G3, ambayo risasi yake ni milimita 7.62 kwa 51 (upana wa risasi na urefu wa ganda), ndugu wa hiyo .308. Inaangusha mnyama vizuri, lakini bega langu bado linaikumbuka, na risasi zake ni ghali zaidi. Ile 5.56 ni nyepesi, haipigi teke sana, ila kichwa cha risasi yake ya kawaida, bila ganda, kina gramu kama 3.6 tu, na cha .308 hukaribia 10. Kwa dume kubwa la nguruwe naona ni ndogo. Mke wangu anasema anunue trakta.

Kuna rafiki yake anamsukumia aina nyingine ya risasi, .300 Blackout. Hiyo inanitia wasiwasi kwa sababu kijana tayari ana bunduki ya .223 (karibu sawa na 5.56), na ya .300, ambayo ni nene zaidi, inaweza kuingia humo kwa makosa; risasi hizo zikichanganyika, mtutu unaweza kupasuka usoni.

Waliowahi kuwinda huko, mlitumia gani? Na umbali ulikuwa mita ngapi?