Mrejesho: Tulibandua saruji, ukuta wa mawe umeanza kukauka

Assalaam aleikum ndugu zangu. Wakati wa masika niliwauliza kuhusu nyumba ya marehemu babu hapa Mji Mkongwe, Unguja: ukuta wa chini unatoa chumvi, rangi inabanduka, na fundi anataka kuongeza lipu ya saruji. Mkanishauri nirudi kwenye chokaa.

Tulipata kibali, tukabandua saruji yote. Mawe yalikuwa yamelowa. Ukiyagusa, mkono unarudi na unga wa chumvi. Unyevu ulipanda kutoka chini, saruji ikaufungia humo humo. Tukauacha ukuta wazi miezi miwili. Lipu mpya ni kipimo kimoja cha chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kulowekwa maji) kwa vipimo vitatu vya mchanga uliooshwa (wa ufukweni msiuguse, una chumvi), tabaka jembamba jembamba, na magunia yaliyoloweshwa juu yake isije ikakauka haraka ikapasuka. Mzee aliyetufanyia kazi hakukubali kuharakishwa hata siku moja, na alikuwa na haki.

Chokaa pia ina unafuu kwa mazingira: saruji huchomwa kwa nyuzi kama 1,450 za Selsiasi, chokaa kama 900, tena chokaa ikikomaa ukutani hufyonza sehemu ya hewa ya ukaa iliyotoka tanuuni. Boriti za mikoko tulibadilisha mbili tu zilizooza.

Chumba cha mama hakinuki tena ukungu. Karibu na sakafu bado pana doa la chumvi, tunalisugua kwa brashi kavu kila wiki. Ahsanteni sana, hasa mliosisitiza nisipake rangi ya plastiki.