Kulipwa ili ukingo wa Sabaki upandwe miti, niweke sahihi ama nisiweke?

kijana_wa_ngamboni
Salaam wadau. Nna shamba la marehemu babu hapa mto Sabaki, Malindi, juu kidogo ya daraja, ekari nne hivi, mbele yote mto. Juzi walikuja watu wa mradi, tukatembea nao ukingoni wakahesabu hatua 20 kutoka maji yanapofika mto ukijaa, wanataka hapo nisilime tena, ipandwe miti na matete, alafu nilipwe kila mwaka. Mkataba miaka 15. Sasa hizo hatua 20 ndo zenye tope zuri, mchicha ukimwaga leo wiki tatu uko sokoni, na kuna jamaa nimemkodisha analima tikiti. Huku juu mchanga mtupu. Mama hataki hata kusikia, anasema ardhi ikishaandikwa na watu hairudi. Lkn mvua za mwisho wa 2023 mto ulinimegea mipapai safu mbili, nimesimama naiona inaondoka mmoja mmoja, na pale penye mkuyu wa babu udongo haukutikisika. Nimekwama jamani.

bin_shela
Ndugu yangu ujue kwanza hapo si pako kulima upendavyo. Sheria ya maji inataka ukanda wa kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande uachwe. Mimi siungi mkono mtu alipwe kwa kutii sheria, kesho kila mtu atasema nilipeni nisikate mikoko.

mmalindi_ughaibuni
@bin_shela sheria ipo miaka yote na mashamba yamefika majini, sasa nani atampandia hiyo miti bure? Mimi niko Pennsylvania, Marekani, na huku wakulima wanalipwa waziwazi, serikali inakodi ule ukanda wa mto kwa miaka 10 mpaka 15, kodi ya kila ekari kila mwaka, na gharama ya miche na ua wa kuzuia ng'ombe wanachangia pakubwa. Ukanda wa miti usipungue mita 11 hivi. Jiji la New York nalo tangu miaka ya 90 linatoa pesa kwa wakulima wa milimani yanakotoka maji yake, manake kujenga mtambo wa kuchuja kungekula mabilioni ya dola. Nilichojionea kwa jirani yangu hapa, kupanda ni siku moja, kazi ni baadaye. Kila mche umevalishwa bomba la plastiki usiliwe na kulungu, na anafyeka majani kila msimu kwa miaka kadhaa la sivyo miche inamezwa. Kwa hiyo uliza nani analipa palizi, na miche ikibebwa na mafuriko mwaka wa kwanza nani anarudishia. Kama haimo kwenye karatasi usisaini.

baba_zuhura
Mke wangu kwao Kinangop. Huko 2010 hivi mashirika ya WWF na CARE walianzisha kitu kama hiki, watumiaji maji wa chini kule Naivasha wanawachangia wakulima wa juu, wanapewa vocha ya pembejeo, dola 17 hivi kwa mwaka. Ndogo sana! Lkn shemeji zangu hawakuacha, kwa sababu ule ukanda walipanda majani ya nepia na nepia ni chakula cha ng'ombe, maziwa ndo yaliwalipa. Kwa hiyo usikubali miti ya kutazama tu. Pigania mikindu, mama apate ukindu wa mikeka, na matete yakatwe kwa zamu. Na mkaratusi ukiletwa ukatae, ule unafyonza maji.

nahodha_mdogo
Mimi ni mvuvi. Mvua ikinyesha bara bahari yetu inageuka nyekundu, tope linafika mpaka kwenye matumbawe ya ile hifadhi ya bahari ya Malindi iliyowekwa tangu 1968, nyavu tunavuta nzito hazina samaki. Tusidanganyane, tope lile linatoka mbali, Athi inaanza huko karibu na Nairobi, ikutane na mto Tsavo ndo iwe Galana, ambayo huku chini ndo Sabaki, hatua 20 za kaka hapa haziwezi kulimaliza. Kwa hiyo wakulima wa juu nao walipwe. Na anayefaa kulipa ni anayekunywa, maji ya bomba yanayovutwa pale Baricho yanafika mpaka Mombasa na yanatoka mto huuhuu.

kijana_wa_ngamboni
Shukrani sana wote. Nimemsomea mama majibu yenu, alipofika kwa mikindu akaniambia rudia hapo. Wanakuja tena Jumamosi, nitawaambia malipo yasipungue kodi ya tikiti, palizi juu yao, kukata ukindu na matete ruhusa, na iandikwe wazi kwamba ardhi inabaki kwa jina letu. Jamaa wa tikiti nitamwacha avune kwanza. Mwenye kujua pa kupata miche ya mkindu hapa Malindi aniambie.