Kizazi cha pembe mbili

Neema: Jamani habari za jioni. Ile picha ya kizazi ya kuwekewa dawa niliyopiga baada ya mimba ya pili kutoka, majibu tayari, wameandika kizazi kina pembe mbili na nimeambiwa nijiandae kwa opareshini. Nimechanganyikiwa

Shangazi: Pole mwanangu 😭 pembe tena? mbona kwetu hatuna hayo mambo

Da Salma: Shangazi mara nyingi haihusiani na ukoo 😂 mtoto wa kike akiwa tumboni kizazi chake kinaanza kama mirija miwili, inakuja kuungana halafu ukuta wa kati unayeyuka. Kwa wengine haiungani vizuri, ndo pembe mbili, kwa wengine inaungana ila ukuta unabaki. Neema hakuna ulichokosea

Da Salma: Ila opareshini ngoja kwanza!! Hiyo picha inaonyesha ndani tu, nje haioni, kwa hiyo kizazi cha pembe mbili na kizazi chenye ukuta vyote vinaweza kutokea vinafanana na matibabu yake ni tofauti kabisa. Ukuta wanaukata kwa kamera inayopitia ukeni, pembe mbili za kweli mara nyingi haziguswi. Omba altrasaundi ya 3D au MRI (ile mashine ya picha ya sumaku) waone kwa juu nje pako sawa, yaani ni ukuta, au pana bonde, yaani ni pembe mbili. Na figo wazitazame, wenye hali hii wengine wana figo moja

Neema: Kikiwa ukuta nikakatwa ndo mimba itakaa?

Da Salma: Wataalamu wenyewe wanabishana. Utafiti wa 2021 waliokatwa na wasiokatwa walijifungua karibu sawa, ila wanawake walikuwa 80 tu. Mi ningemuuliza daktari kwa nini anataka kukata, asipoeleza natafuta mwingine

Ba mdogo: Kwa hiyo abebe tu?

Da Salma: Akishajua ni kipi, abebe, wengi wanazaa salama. Ila aanze kliniki mapema aseme hali yake, wampime urefu wa mlango wa kizazi kwa altrasaundi ya ukeni kuanzia kama wiki ya 16 hadi 24, ukiwa mfupi kuna dawa na kuna kushona. Mtoto kutanguliza makalio na kuwahi kuzaliwa ndo vinavyowapata zaidi

Shangazi: Na mirija ya uzazi je imeziba?

Neema: Yote imefunguka

Shangazi: Alhamdulillah. Kesho nakusindikiza kuomba hiyo 3D, hiyo opareshini wasikuandikie tarehe