Programu inajengeka vizuri kwenye laptopu, ikifika kwenye Raspberry Pi inakata. Naombeni ushauri

KijanaIpagala (mtoa mada):
Habari zenu wakuu. Niko Dodoma mjini, nimepata kazi ya mkulima wa zabibu Hombolo: kifaa cha kupima unyevu wa udongo na kufungulia maji ya matone. Programu nimeiandika kwa C, pakeji zote nazisimamia kwa Nixpkgs (mkusanyiko wa pakeji wa Nix) ili vifaa vyote vifanane. Laptopu yangu ina prosesa ya x86_64, Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) ina ya ARM, kwa hiyo nakompaili (nageuza kodi kuwa programu) kwenye laptopu nikitumia pkgsCross.armv7l-hf-multiplatform.pkgsStatic, ili itoke faili moja linalojitegemea, nihamishe hilo tu. Inajengeka mwanzo mwisho, hakuna kosa. Nikiiwasha kwenye Pi inaandika "Illegal instruction" na kukata hapo hapo. Mteja anapiga simu asubuhi na jioni. Nimekwama kweli.

FundiWaya:
Hombolo? Kabla ya programu, angalia boksi utakalofunga. Mimi nilifunga pampu ya sola Bahi, panya wakatafuna waya wote ndani ya msimu mmoja. Weka bomba la chuma, usisikilize wanaosema plastiki inatosha.

SistaMakole:
Mkuu, ni Pi ipi hasa?

KijanaIpagala:
Ni Raspberry Pi tu, mfumo wa biti 32. Bodi haina shida, inawaka vizuri na naingia humo kwa mtandao kupitia SSH. Shida ni mipangilio ya Nixpkgs, nahisi build na host nimezipindua.

MzeeWaKongwa:
Mwanangu, hela ya mtu umeshapokea? Vijana mnachukua avansi ya kazi msiyoijua, halafu mnakuja kulia humu. Mkulima wa zabibu anasubiri mavuno ndipo ashike pesa. Mrudishie.

KijanaIpagala:
Shikamoo mzee. Avansi ndiyo iliyonunua bodi, na bodi zote nimeshanunua, hakuna cha kurudisha. Tena nimeshaamua, ikishindikana nitakompailia humo humo kwenye Pi, yaishe.

SistaMakole:
Usikimbilie huko. Hukupindua kitu: buildPlatform ni mashine inayojenga, yaani laptopu yako. hostPlatform ni mashine itakayoendesha programu. targetPlatform haikuhusu, hiyo ni ya kompaila na zana zinazozalisha kodi. Ungezipindua, Pi ingekataa faili zima kwa "Exec format error". Wewe faili linakubalika, linafia njiani kwenye amri ambayo prosesa haiijui. Ndiyo maana narudia: Pi ipi?

KijanaIpagala:
Dada, nimeshasema ni ARM ya biti 32. Tujadili mipangilio.

Chura_wa_Nkuhungu:
Hii ni chai, tena ya rangi. Bodi haina jina, mteja hana jina, mkulima wa Hombolo kaweka kompyuta shambani. Kuna watu wanatunga nyuzi ili wasomeke. Kama una kifaa kweli, andika `cat /proc/cpuinfo`, inaonyesha aina ya prosesa, ulete majibu hapa. Ukishindwa, mods wafunge uzi.

FundiWaya:
Chura naye ana hoja. Hata picha ya boksi hatujaiona.

KijanaIpagala:
Hayo hapo, msiniite mwongo:
`model name : ARMv6-compatible processor rev 7 (v6l)`
`Hardware : BCM2835`
Ni Pi Zero W. Sikuitaja kwa sababu najua mkisikia Zero mtaniambia ninunue nyingine, na hela haipo.

SistaMakole:
Hapo sasa. Zero W ni ARMv6, wewe unaijengea ARMv7, ambayo ina amri Zero haizijui. Tumia pkgsCross.raspberryPi.pkgsStatic. Jiandae, pakeji nyingi za cross (za kujengea prosesa nyingine) hazimo kwenye cache, ile hifadhi ya pakeji zilizokwisha jengwa, kwa hiyo hata gcc, yaani kompaila yenyewe, itajengwa laptopuni kwako. Na hiyo ya kukompailia kwenye Zero yenye RAM ya MB 512 isahau kabisa. Weka na default.nix yako, faili lako la mipangilio, tuione.

MzeeWaKongwa:
Ungesema mapema, tungeshalala.

KijanaIpagala:
Nimejenga upya kwa raspberryPi. Imechukua usiku mzima, na kosa ni lile lile! Faili langu lina mstari huu:
`NIX_CFLAGS_COMPILE = lib.optionalString stdenv.hostPlatform.isAarch32 "-march=armv7-a";`
Ila huo siutoi, niliuweka makusudi ili hesabu za sensa ziende haraka.

SistaMakole:
Ndio huo unaokuua. isAarch32 ni kweli kwa ARMv6 na kwa ARMv7 pia, kwa hiyo Zero inalishwa amri za v7 hata ukichagua platfomu sahihi. Unyevu wa udongo haubadiliki kila sekunde, haraka ya nini? Ufute wote. Aina ya prosesa ya Zero imo tayari kwenye maelezo ya platfomu ya raspberryPi, gcc inaipokea kutoka huko.

KijanaIpagala:
Sawa, naufuta. Lakini bodi sibadilishi.

SistaMakole:
Hakuna aliyekwambia ubadilishe, zitafanya kazi. Ukimaliza kujenga, iendeshe kwanza laptopuni kwa `qemu-arm -cpu arm1176`, programu inayoigiza arm1176, ambayo ndiyo prosesa ya Zero. Ikikata hapo usipande gari la Hombolo, leta kosa hapa kwanza.